Operesheni Linda Kinong'o

Nchi yetu ina sheria inayomtaka kila raia asimame anapolitaja jina la nchi. Mimi ninaandika nikiwa nimekaa, kwa hiyo jina sitalitaja. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye amani, mabango mengi, na serikali inayopenda ndege.

Hilo la ndege nina uhakika nalo, kwa sababu nilikuwa karani wa masijala katika Wizara ya Misitu na Mambo ya Heshima kwa miaka kumi na tisa. Jina langu ni Yoeli Sengati. Barua zote zilizohusu miti na wanyama zilipita mikononi mwangu. Nilizipa namba, nikazitia kwenye majalada, na majalada nikayapanga kabatini. Hapo wizara ilihesabu kwamba jambo limeshughulikiwa.

Kati ya barua hizo, kumi na saba ziliandikwa na mtu mmoja, Bi Zamda Kiheri, mlinzi wa Msitu wa Lukinde.

Lukinde ni msitu ulio juu ya mgongo wa mlima, mkoa wa kaskazini. Humo tu, duniani kote, ndimo anamoishi ndege aitwaye kinong'o. Ni mdogo kama ngumi, mgongo wa kahawia, koo la rangi ya kutu. Haruki sana. Hutembea chini ya miti akipindua majani makavu, moja moja, kutafuta wadudu, na kiota chake hukijenga vichakani, usawa wa goti la mtu. Wimbo wake unafanana na mtu anayemnong'oneza jirani yake katikati ya ibada, ndiyo maana akapewa jina hilo.

Bi Zamda alikuwa akiwahesabu kwa miaka ishirini na miwili. Barua zake zilisema jambo lile lile: malori yanaingia Lukinde kubeba magogo, madereva wana vibali vyenye muhuri wa wizara, na ndege wanapungua. Ya kwanza ilisema wako mia tatu. Ya kumi na saba ilisema wamebaki sitini na wawili.

Zote nilizipa namba.

* * *

Mambo yalianza pale Mtukufu Rais aliposafiri kwenda kwenye mkutano wa marais. Wakati wa chakula, rais wa nchi jirani alijigamba kwamba kwake kuna tumbili ambao hawapo pengine popote, na kwamba wamebaki mia nne tu. Kisha akamuuliza Mtukufu, na kwenu je? Mtukufu alisukuma sahani yake pembeni. Alirudi nyumbani kabla ya mkutano kwisha.

Kesho yake Waziri wetu, Mheshimiwa Dakta Theonesti Magalula, alishuka mwenyewe mpaka masijala. Hakuwahi kufika huko, na alipotea mara mbili kwenye ngazi.

"Karani," aliniambia akihema, "tuna mnyama yeyote anayekaribia kwisha?"

"Wako wengi, Mheshimiwa."

"Nataka aliye karibu zaidi."

Nilimpa jalada la Bi Zamda. Alisoma barua ya mwisho akiwa amesimama, na nikauona uso wake ukichangamka mstari kwa mstari.

"Sitini na wawili," alisema taratibu. "Wenzetu wana mia nne. Sisi sitini na wawili. Hili jambo lilikuwa limefichwa wapi?"

Nikamwonyesha kabati.

Wiki ile ile redio ya taifa ilitangaza kwamba kinong'o ndiye Ndege wa Taifa, kwamba Operesheni Linda Kinong'o imeanza, na kwamba Mtukufu mwenyewe atakwenda Lukinde baada ya wiki sita kumwona ndege huyo, kumsikia, na kuweka jiwe la msingi la Makao Makuu ya Ulinzi Wake. Waziri alitangulia na msafara wa maandalizi. Mimi nilichukuliwa kuandika kumbukumbu za vikao na kubeba kinasa sauti.

* * *

Bi Zamda alitupokea ukingoni mwa msitu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, sare yake imefuliwa hadi imepoteza rangi. Alikuwa ametuchemshia chai na magimbi, na alikuwa na furaha ambayo mpaka leo naona haya kuikumbuka.

"Nilishaanza kudhani barua hazifiki," aliniambia akinimiminia chai.

"Zinafika, mama," nilimjibu. Huo haukuwa uongo.

Alimpeleka Waziri kwenye kiota kilichokuwa karibu na mvule mkubwa. Tulichuchumaa. Ndege jike alikuwa amelalia mayai mawili, akitutazama kwa jicho moja bila kusogea. Nilikuwa nimeandika jina lake kwenye majalada kwa miaka mingi, na sikujua kwamba ana kope.

"Mbona mdogo hivi?" Waziri aliuliza.

"Ndivyo alivyo, Mheshimiwa."

"Kwenye picha tutamkuza."

Tulipokuwa tukirudi, Mheshimiwa aliteleza kwenye majani makavu akakaa chini mbele ya watu wote. Hakuumia. Lakini alipoinuliwa alitazama sakafu ya msitu kwa muda mrefu, huku msaidizi wake akimpangusa suruali, kisha akasema, "Huu msitu ni mchafu."

Kikao kilifanyika hemani mchana ule. Iliamuliwa barabara ichongwe katikati ya msitu, kwa kuwa msafara wa Mtukufu una magari arobaini. Iliamuliwa jukwaa lijengwe pale penye mvule, kwa kuwa ndipo ndege alipo. Kazi hiyo alipewa mkandarasi Bwana Kagusa, ambaye ni shemeji wa Waziri na kwa hiyo anaaminika. Na iliamuliwa kwamba majani yote yaliyoanguka Lukinde yafagiliwe, yakusanywe na yachomwe, Mtukufu asije akateleza.

Bi Zamda alinyoosha mkono. Alisubiri sana kupewa nafasi.

"Mheshimiwa, ndege huyu anakula kwenye majani. Mkiyafagia mmefagia chakula chake. Na huu ndio mwezi wa makinda. Nusu ya viota ninavyovijua viko kwenye njia ya hiyo barabara."

Waziri alivua miwani. "Mama yangu, itifaki imezingatiwa. Suala la chakula liko chini ya Wizara ya Kilimo. Sisi hapa tunashughulika na ulinzi. Serikali yenu sikivu imedhamiria kumlinda ndege huyu kwa nguvu zake zote, na nguvu hizo haziwezi kupita bila barabara."

Watu walipiga makofi. Niliandika kwamba hoja ya mlinzi imepokelewa.

* * *

Yule ndege wa karibu na mvule aliangua siku tatu kabla ya katapila kufika. Bi Zamda alinieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza habari za nyumbani kwake, kwamba makinda ni wawili na wote wazima.

Waziri alikuwa ameniagiza ninase wimbo, kwa sababu Mtukufu hasikii vizuri na wimbo wa kinong'o hautamfikia jukwaani. Kwa hiyo asubuhi ile tulikwenda, mimi na Bi Zamda, tukakaa hatua kumi kutoka kiotani. Nilishika kinasa sauti mbele yangu. Tulikuwa na ahadi ya Bwana Kagusa kwamba upande ule hautaguswa mpaka adhuhuri.

Chensoo zilianza kuunguruma saa mbili. Bi Zamda alisimama akapunga mikono akipiga kelele, lakini wale vijana walikuwa wameziba masikio, kama kanuni za usalama kazini zinavyotaka. Mvule haukuanguka. Kilichoanguka ni mti wa pembeni yake, na tawi moja likakilalia kile kichaka.

Ndege jike alitoka mahali fulani chini ya yale majani. Alisimama juu ya tawi lililokuwa bado linatikisika, akapanua mdomo, akalia. Milio mitatu mifupi inayopanda, kisha mmoja mrefu unaoshuka. Tena na tena. Sikujua kwamba kiumbe wa ukubwa ule anaweza kuwa na sauti kubwa hivyo. Bi Zamda alikuwa amepiga magoti akiyatenganisha majani kwa mikono. Alikipata kiota. Alikitazama, akakirudishia majani juu yake.

"Zima," aliniambia.

Nilikuwa bado nimenyoosha mkono na taa nyekundu inawaka.

Ile kanda niliikabidhi kwa Waziri, kwa sababu ilikuwa mali ya serikali. Aliisikiliza mara mbili, akaketi vizuri kitini. "Sasa huyu ndiye ndege wa taifa," alisema. "Nilikuwa nimeambiwa ananong'ona. Ana sauti ya uongozi kabisa."

Hakuniuliza ndege alikuwa akifanya nini. Nami sikumwambia.

* * *

Kufagia kulianza Jumatatu. Waliletwa wanakijiji themanini, kila mmoja na ufagio, wakapangwa mstari mmoja kutoka upande hadi upande. Msimamizi wao alikuwa Nyanjige, jirani yake Bi Zamda, ambaye walilea watoto pamoja.

Bi Zamda aliketi chini mbele ya mstari. Nyuma yake palikuwa na kiota.

"Dada, inuka," Nyanjige alimwambia.

"Unakijua hicho kilichoko nyuma yangu. Nilikuonyesha mwenyewe mwaka juzi."

"Nakijua. Nimeambiwa nikikataa, mashamba yetu yote yatapimwa upya na mpaka utapita jikoni kwangu. Nikafanyeje, Zamda? Niambie wewe, nitafanya."

Bi Zamda hakuinuka. Nyanjige akawaashiria wenzake wapite pembeni. Wakafagia kulia kwake na kushoto kwake. Ilipofika jioni alikuwa ameketi kwenye kisiwa cha majani chenye upana wa mkeka, na msitu uliobaki ulikuwa udongo mtupu wenye alama za fagio, safi kama uwanja wa kambi ya polisi. Moshi wa majani ulitanda siku nne.

Baada ya hapo vigogo vilipakwa chokaa hadi usawa wa kifua cha mtu. Mawe nayo yalipakwa. Miti iliyo kwenye njia ya barabara iliangushwa, na mingine mingi ikaangushwa mahali ambapo barabara haikukusudiwa kupita, lakini Bwana Kagusa alieleza kwamba miti ile ilikuwa inaielekea barabara. Malori yalitelemka nayo mchana kweupe, kila moja likiwa na bendera ndogo ya Operesheni Linda Kinong'o.

* * *

Mtukufu alifika saa tano na nusu. Viongozi walizungumza kwa zamu, na kila mmoja alianza kwa kusema kwamba hana mengi ya kusema. Waziri alizungumza kwa saa nzima. Alisema kwamba wakoloni walimdharau ndege huyu, kwamba mabeberu walitaka kumwiba, na kwamba leo, kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, kinong'o ana wizara inayomjali.

Bi Zamda alikuwa amevalishwa sare mpya na kuketishwa mstari wa mbele, kwa sababu Mtukufu alitaka kuonyeshwa ndege, na hakuna mwingine aliyeweza kumpata.

Kisha ikachezwa kanda yangu, kwa vipaza sauti kumi na sita vilivyofungwa mitini.

Milio mitatu inayopanda, mmoja mrefu unaoshuka. Mtukufu aliinua kidole, akafurahi, akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena. Ilichezwa mara saba, na katika ile ya tatu wakaanza kutoka. Walitoka kwenye vichaka vichache vilivyosalia, mmoja, wawili, kisha kundi, ndege wasiozoea kuruka, wakapita chini chini juu ya vichwa vya watu wakielekea bondeni, kwenye mashamba ya chai ambako hakuna kivuli wala kichaka wala jani lililooza. Umati ulishangilia. Mtangazaji wa redio alisema kwa sauti ya kutetemeka kwamba ndege wa taifa wamekuja kumpa Mtukufu heshima zao.

Bi Zamda alitembea mpaka kwenye kipaza sauti. Walinzi walimwacha wakidhani yumo kwenye ratiba.

"Mtukufu, naomba uzime," alisema. Hakupaza sauti. "Huo si wimbo. Ni mama aliyeangushiwa mti juu ya watoto wake. Ndege wote wa hapa wanajua maana yake. Umewaambia wakimbie, waache mayai na makinda wakimbie, nao wamekutii. Watakufa huko chini. Zima, tafadhali."

Mtukufu alimwinamia Waziri. "Anasemaje?"

"Anakushukuru, Mtukufu."

Mtukufu akampungia mkono, na watu wakapiga makofi mpaka walinzi walipokwisha kumwondoa Bi Zamda.

Kuanzia siku ile, kila taarifa ya habari ya redio ya taifa hutanguliwa na kilio hicho. Nchi nzima huamka nacho.

* * *

Bi Zamda alishtakiwa kwa kosa la kutafsiri lugha ya ndege wa taifa bila idhini ya mamlaka. Nilikuwa shahidi wa upande wa serikali.

"Bwana Sengati," hakimu aliniuliza, "wewe ndiye uliyenasa sauti hii. Ni wimbo, au ni kitu kingine?"

Bi Zamda alikuwa kizimbani, mikono juu ya ubao, akinitazama bila chuki. Alikuwa akinisubiri tu, kama anavyosubiriwa mtu anayejulikana kwamba atafika.

"Kwa mujibu wa jalada," nilisema, "ni wimbo."

Alifungwa miezi minane. Mimi nilipandishwa cheo.

Nimesikia watu wakisema kwamba mtu mdogo hana la kufanya mbele ya serikali. Mimi nilikuwa na la kufanya. Lilikuwa neno moja, na nililijua.

* * *

Makao Makuu yalikamilika. Yana ghorofa tatu, viyoyozi na sanamu ya kinong'o yenye urefu wa nyumba. Watumishi mia moja na ishirini waliajiriwa kuwalinda ndege ambao hakuna aliyewaona. Ndipo ikaja barua kutoka kwa umoja wa mataifa yanayohesabu ndege, ikisema wataalamu wao watakuja kuhakiki wale sitini na wawili.

Waziri hakulala siku mbili. Siku ya tatu alipata njia. Wataalamu wasingeweza kulalamika kwamba hawajamwona ndege ambaye serikali imekwisha kumzika. Iliamuliwa kinong'o atangazwe kuwa amefariki kwa amani baada ya kulitumikia taifa, na afanyiwe mazishi ya kitaifa. Kilichohitajika ni hati yenye saini ya ofisa aliyefika msituni kuthibitisha. Nilitumwa mimi.

Nilimkuta Bi Zamda nyumbani kwa Nyanjige. Alikuwa ametoka gerezani wiki tatu nyuma, amekonda, na anakohoa. Nyanjige alikuwa akimmenyea ndizi na hakunikaribisha kiti.

"Mama, nilisema uongo mahakamani," nilimwambia.

"Najua. Nilikuwepo."

Nilisimama pale mlangoni mpaka ndizi zikaisha kumenywa. Nikamweleza kilichonileta. Alifikiri, akanawa mikono, akaniambia nimfuate.

Tulipita sanamu, tukapita uwanja wa magari, tukateremka kwenye korongo lenye mawe ambalo katapila hazikuweza kuingia. Miti yake ni myembamba na imepinda, na Bwana Kagusa alikuwa amekwisha kulitazama na kusema halina mbao. Tulikaa chini tukasubiri. Miguu ilikufa ganzi. Adhuhuri ilipopita nilisikia mtu akinong'ona nyuma yangu, nikageuka, na hapakuwa na mtu.

"Hawazidi sita," Bi Zamda alisema. "Kuna jike mmoja analalia."

Nilitoa ile hati. Ilikuwa na visanduku viwili, Wapo na Hawapo.

"Nikiandika wapo?"

"Watakuja kuwalinda."

Niliweka alama kwenye Hawapo, nikatia saini, nikagonga muhuri juu ya goti langu. Nilikuwa nimeandika uongo mwingi wa serikali, na huu ulikuwa wa kwanza kuwa wangu.

* * *

Mazishi yalifanyika mbele ya sanamu. Palikuwa na jeneza dogo tupu lililofunikwa bendera, bendi ya jeshi, na dakika moja ya ukimya. Waziri alilia machozi ya kweli, nadhani, kwa sababu alikuwa amesahau kwamba lile jeneza halina kitu. Alisema marehemu alikuwa mpole, mwadilifu, na hakuwahi kuikosoa serikali. Kisha, ili wageni waone kwamba taifa limesamehe, alimwita Bi Zamda aseme maneno mawili.

Alisogea, amejifunga kanga nyeusi.

"Namshukuru Mheshimiwa kwa kutuzikia," alisema. "Nina ombi moja la mfiwa. Hapa sasa ni kaburini. Naomba marehemu aachwe apumzike. Kuanzia leo, mtu yeyote wa serikali asikanyage tena Lukinde ng'ambo ya jengo hili, si kwa operesheni, si kwa ziara, si kwa chensoo. Kama kweli mlimpenda."

Wageni waliinamisha vichwa. Kamera zilimgeukia Waziri. Hakuwa na namna. Aliweka mkono kifuani akasema kwamba serikali sikivu imesikia, na akaagiza pale pale, kwa kauli yenye nguvu ya sheria, kwamba iwe hivyo.

Watu walipoanza kutawanyika kwenda kwenye chakula, niliona Bi Zamda akizunguka nyuma ya jengo. Alikuwa amepandisha kanga, na chini yake alivaa mabuti ya mpira yenye matope mabichi. Nilimkimbilia nikamuuliza kama naweza kwenda naye, hata kumbebea maji tu.

Alinitazama, akatazama beji ya wizara iliyokuwa kifuani mwangu.

"Wewe ni mtu wa serikali," alisema. "Umesikia agizo."

Akateremka korongoni peke yake.